Chenga Si Uchafu

Zamani za filamu, mtu wa Kitale akisema anakwenda kuosha picha, alikuwa na maana moja tu. Filamu imejaa, inapelekwa studioni, itiwe dawa gizani, na kile ambacho mwanga ulikwisha kukiandika kitokeze juu ya karatasi. Kuosha kulikuwa kudhihirisha. Neno hilo lingali kinywani mwetu lakini kazi yake imegeuka. Kijana wa studio akikuambia leo kwamba ameziosha picha zako za harusi, ana maana kuwa amezipitisha kwenye programu ya kompyuta inayoondoa chenga, yale mavumbi ya rangirangi yanayojaa penye giza. Ngozi imekuwa laini, anga limekuwa laini, hata ukuta wa udongo umekuwa laini. Kuosha sasa ni kufuta.

Naandika kupinga imani iliyoenea miongoni mwa wapiga picha wenzangu kutoka Kitale hadi Kanduyi: kwamba picha isiyo na chenga ndiyo picha nzuri, na kwamba kila toleo jipya la programu hizi ni deni ambalo lazima ulilipe usije ukaachwa nyuma. Inasemwa kwa uhakika mkubwa mno. Nimewaona vijana wakikopa pesa za kununua programu kabla hawajanunua lenzi ya pili. Nimewasikia wakiona haya kuonyesha picha walizozipiga miaka mitatu iliyopita, eti zilioshwa kwa toleo la zamani. Jambo hili linaniuma, kwa sababu vijana hao ni wapiga picha wazuri na wanatapeliwa macho yao wenyewe.

Nianze kwa kukiri yaliyo kweli. Programu hizi nazitumia na sina mpango wa kuziacha. Mwaka 2020 kampuni ya DxO ya Ufaransa ilipotoa mbinu yake ya DeepPRIME ndani ya PhotoLab 4, mambo yalibadilika. Mwaka uliofuata ikatoa PureRAW, na mnamo Aprili 2023 Adobe nayo ikaweka Denoise ndani ya Lightroom. Kabla ya hapo mtu mwenye picha ya ISO 6400 kwa kawaida alikuwa na njia mbili, abaki na chenga au azifute na kubaki na ukungu. Mbinu mpya zilishika faili mbichi, yaani ile ambayo kamera haijaipika, zikaondoa chenga na kuacha kope za jicho zionekane moja moja. Ilikuwa hatua kubwa, na aliyeikataa alijinyima. Ugomvi wangu ni na yaliyofuata. PureRAW ya nne ilitoka mwaka 2024, ya tano mwaka 2025, na wenzake wa kampuni nyingine hawalali. Kila toleo huja na tangazo la sura ile ile: kipande cha picha kilichokuzwa mara mbili au zaidi, kushoto kina chenga, kulia kinang'aa. Anayeuza ndiye aliyechagua kipande hicho, na hapo ndipo ninapotaka tusimame.

Chenga ni nini hasa? Panga sufuria kumi uani manyunyu yanapoanza. Baada ya dakika moja tazama ndani: hii ina matone tisini, ile mia na kumi, ya tatu mia moja kamili. Hakuna sufuria mbovu hapo. Manyunyu hayagawanyiki sawa. Mvua ya Kitale ya Aprili ikishuka kwa nguvu, sufuria zote zitajaa na hutaona tofauti. Mwanga nao huja kwa matone. Pikseli iliyotarajiwa kupata matone 100 itayumba kwa takriban 10 juu au chini, sehemu moja ya kumi. Iliyotarajiwa kupata 10,000 itayumba kwa takriban 100, sehemu moja ya mia. Kuongeza ISO hakuongezi tone hata moja. Kunapaza sauti ya matone machache yaliyokwisha kuingia. Kwa hiyo ukiona chenga usidhani kamera imechafuka. Unaona njaa ya mwanga.

Na programu haiwezi kuyarudisha matone ambayo hayakuingia. Inakisia. Imefundishwa kwa jozi nyingi za picha, moja safi na mwenzake mwenye chenga, mpaka ikajifunza kwamba penye mchafuko wa namna hii, mara nyingi chini yake huwa pana shavu, au jani, au kitambaa. Neno la kushika hapo ni "mara nyingi". Kilicho cha kawaida duniani itakikisia vizuri ajabu. Kilicho adimu, kilicho cha mahali pamoja na asubuhi moja, itakibadilisha kiwe cha kawaida.

Nilijifunza hili kwa aibu. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara kwa Wabukusu, na Agosti 2024 nilikuwa upande wa Kimilili, saa kumi na moja alfajiri, kando ya mto, kwa ruhusa ya wazee na wazazi. Mvulana alikuwa anapakwa tope. Baridi ya Elgon ilikuwa imeshuka hadi kwenye mifupa, taa hakuna, isipokuwa kurunzi mbili za simu na weupe mdogo wa mashariki. Flashi sikuitoa mkobani. Nisingethubutu kummulika mtoto usoni katika saa ile, na hata wazee wasingekubali. Nikapiga kwa ISO 12800, nikawafuata wakipanda mlima kuelekea nyumbani na wimbo wa sioyaye mbele yetu.

Nyumbani nikaziosha picha mara mbili. Mara ya kwanza kwa toleo nililokuwa nalo, mara ya pili kwa toleo jipya la programu nyingine niliyoipakua kwa siku za majaribio. Kwenye kioo cha laptopu jipya lilishinda bila mjadala. Giza lilikuwa jeusi safi, bega la mvulana lina mstari kama uliochorwa kwa rula. Nikazichapa na kumpelekea mama yake zote mbili, nikijua atachukua ipi. Akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, hili ni tope ama ni rangi?"

Alikuwa ameona kile ambacho mimi, mwenye kioo na miaka ya kazi, sikukiona. Tope la mtoni si rangi ya ukuta. Lina mchanga, lina vipande vya nyasi, linapoanza kukauka kifuani linapasuka mistari midogo kila mtoto anapovuta pumzi. Punje za mchanga ule, katika picha ile, zilikuwa na ukubwa ule ule wa chenga. Programu ikaona vitu viwili vinavyofanana, ikavifagia pamoja. Mvulana akabaki amevaa kitu laini cha kijivu kama shati la mpira. Toleo la zamani lilikuwa limeacha chenga nyingi, ni kweli, lakini mchanga ulikuwepo. Mama alichukua ile.

Wenzangu wataniambia kwamba hiyo ni picha moja, na kwamba ningeshusha kipimo cha nguvu ya programu. Ningeshusha, ndiyo, na sasa nashusha. Lakini aliyeambiwa kwamba usafi ndio uzuri atajuaje kwamba anahitaji kushusha? Jicho limekwisha kufundishwa kuhesabu chenga zilizoondoka. Halikufundishwa kutafuta vilivyoondoka pamoja nazo. Kupepeta kunataka mkono unaojua uzito wa punje nzima, la sivyo zinaruka na pumba.

Kuna jambo zito zaidi, na hili hatulisemi vya kutosha. Ngozi nyeusi iliyo kivulini hurudisha mwanga mchache kuliko shati jeupe lililo kando yake. Basi chenga hujaa usoni mwa watu wetu kabla hazijajaa kwenye shati hilo, na hapo hapo usoni ndipo programu inapolazimika kukisia zaidi. Kosa lake halianguki kwenye nyasi. Linaangukia paji la uso la nyanya, makovu ya chanjo, mikunjo ya mdomo ambayo wajukuu wanamjua kwayo.

Historia ya kazi hii haituruhusu kuwa wepesi wa kuamini. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi zao kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, kadi ambazo mafundi waliziita Shirley. Filamu ilipoonekana hafifu kwa rangi za kahawia na nyeusi, malalamiko yaliyosikilizwa yalikuwa pamoja na ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka bidhaa zao zitofautiane kwenye matangazo. Na hayo si ya babu zetu peke yao. Mwaka 2020, chombo kiitwacho PULSE kilichotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilipewa picha yenye ukungu ya Barack Obama ikuzwe, kikatoa uso wa mzungu. Chombo kile si sawa na programu za kuondoa chenga, na sitadai kwamba PureRAW au Lightroom itakugeuza mtu mwingine. Nadai kwamba ndugu wa mbali hao wana tabia moja ya ukoo: palipo na pengo, wanajaza kwa kile walichokiona mara nyingi zaidi. Mpiga picha wa Bungoma ana haki, na ana wajibu, wa kuuliza walichokiona mara nyingi ni nini.

Tuje kwenye hesabu, maana ndiko imani hii inakokatika miguu. Kamera nyingi tunazozitumia zina pikseli milioni 24, yaani 6000 kwa 4000. Mteja wa Kitale anataka nini? Anataka picha za inchi nne kwa sita za kutia kwenye albamu, moja au mbili za nane kwa kumi na mbili za ukutani, na nyingine zote kwa WhatsApp. Picha ya inchi nne kwa sita ikichapwa kwa vitone 300 kila inchi inahitaji pikseli 1800 kwa 1200, milioni 2 na kidogo. Maana yake kila kitone cha karatasi kimekusanya pikseli kumi na moja za kamera. Sufuria kumi na moja zimemiminwa kwenye pipa moja. Chenga zinapungua zaidi ya mara tatu, bila programu, bila dola, bila kungoja. Kwa nane kwa kumi na mbili zinapungua zaidi kidogo ya mara moja na nusu. Tofauti kati ya toleo la mwaka jana na la mwaka huu, ambayo tangazo linaionyesha kwa kukuza mara mbili, haifiki kwenye karatasi ya albamu. Unalipia kitu ambacho mteja wako hatakiona akiwa hai.

Na unalipia kwa dola, kwa laptopu isiyo na kadi nzuri ya grafiki, na kwa umeme tunaoujua. Faili moja ikichukua dakika tatu, harusi ya picha 800 ni saa arobaini. Nimemwona mwenzangu akilala studioni Ijumaa hadi Jumapili akilinda kompyuta ikipika picha za sherehe iliyofanyika mchana, juani, kwa ISO 200. Hazikuwa na chenga za kuondoa! Faili zinazotoka upande wa pili nazo zinaweza kuwa kubwa mara kadhaa kuliko mbichi zilizoingia, kwa hiyo diski inajaa, na anayekosa pesa ya diski hufuta. Anafuta zipi? Nitarudi hapo.

Pesa hizo hizo zingenunua mwanga. Lenzi ile inayokuja na kamera, ukiivuta hadi milimita 50, hufunguka hadi f/5.6 au karibu na hapo. Lenzi ndogo ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo ndiyo ya bei nafuu kuliko karibu zote, huingiza mwanga takriban mara kumi zaidi. Hayo ni matone ya kweli, yaliyotoka kwenye uso wa kweli uliokuwa mbele yako. Hakuna toleo lolote la programu litakalokupa hayo. Najua ila yake: kwa f/1.8 bibi harusi atakuwa wazi na mashangazi walio nyuma yake wataingia ukunguni, kwa hiyo picha ya ukoo mzima haipigwi hivyo. Kwa picha hiyo weka kamera kwenye tripodi, waombe watulie, ukaribishe dirisha. Baba mmoja aliyekuwa na studio mjini hapa alikuwa akiwapanga watu karibu na mlango saa nne asubuhi na kukataa kabisa kupiga saa nane. Tulimwona mkaidi. Alikuwa anateka maji wakati mto umejaa.

Mahali pekee ambapo nakubali kwa moyo wote kwamba lenzi na subira hazitoshi ni kule Saiwa. Hifadhi ya Saiwa, mwendo mfupi kutoka Kitale, ilitangazwa mwaka 1974 hasa kwa ajili ya nzohe, swala anayeishi kwenye majimaji. Unatembea kwa miguu, unapanda mnara wa mbao, unangoja. Nzohe hutoka alfajiri na magharibi, ndani ya mafunjo, mbali, na lenzi ndefu za bei ya kibinadamu zina koo jembamba. Hapo chenga hazikwepeki, na programu nzuri ni baraka. Lakini hata hapo, tazama manyoya. Nzohe ana manyoya marefu yaliyolowa, yanayoshikana vishungi. Nimeona picha zilizooshwa ambamo mnyama amekuwa kama sanamu ya sabuni na mafunjo yamegeuka brashi za plastiki, na watu wakazisifu kwa usafi. Aliyewahi kumwona nzohe kwa macho yake hatazisifu.

Basi toleo jipya lipimwe vipi? Kampuni nyingi hutoa siku za majaribio bila malipo. Zitumie kama mnunuzi wa ng'ombe sokoni Chwele, anayefungua mdomo na kuhesabu meno badala ya kusikiliza sifa. Chukua faili zako mwenyewe, zile ngumu: kesha la matanga lenye taa moja, kanisa lenye mabati, kitenge chenye nakshi ndogo, uso wa mzee kivulini. Zipitishe kwenye toleo la zamani na jipya. Kisha fanya jambo ambalo karibu kila mtu analisahau: zima unoaji na marekebisho ya lenzi katika yote mawili, au yalinganishe. Toleo jipya mara nyingi huja limeongezewa makali, na jicho huchukua makali likayaita ubora. Ukiyaondoa, nusu ya ushindi huenda ikaondoka nayo. Zichape zote kwa ukubwa mteja anaonunua. Andika nyuma kwa penseli ipi ni ipi, kisha mpe mtu asiyejua, na awe mtu aliyekuwepo siku ile. Usimuulize ipi ni safi. Muulize ipi ni sisi.

Kwa picha za matanga napendekeza ukali zaidi. Huku kwetu uso wa marehemu huchapwa mkubwa, ukawekwa juu ya meza mbele ya jeneza, na mara nyingi chanzo ni kipande kilichokatwa kwenye picha ya kundi. Vishawishi vya kuacha programu ijaze macho na meno ni vingi, na familia iko kwenye machozi, haitahoji. Shindano la World Press Photo limeweka mpaka ambao nadhani nasi tunaweza kuuelewa bila kusoma kanuni zake zote: kuondoa chenga kunaruhusiwa, ila vyombo vya kukuza picha vinavyoongeza habari ambayo kamera haikuiona vinakataliwa. Kama mwandishi wa habari anabanwa hivyo kwa picha ya mgeni, mimi nimbunie vipi mjane uso wa mumewe?

Nimejibiwa mara nyingi kwamba wateja wenyewe ndio wanaotaka ulaini. Simu zimewazoesha, na mpiga picha asiyewapa atawakosa. Nawaheshimu wateja wangu kuliko jibu hilo linavyowaheshimu. Msichana akitaka ngozi yake ilainishwe, aseme, na nitamlainishia hapo alipotaka, naye akijua. Huo ni urembo na ni haki yake. Programu inayolainisha faili zote 800 kabla mtu yeyote hajazitazama haikumuuliza. Na mama wa Kimilili hakuhitaji kusomea picha ili atambue kwamba tope la mwanawe limeibwa.

Sasa nirudi kwenye kufuta. Kitu cha thamani kuliko vyote ambacho matoleo mapya yanatupa hakimo katika picha za wiki hii. Kimo katika za zamani. Faili mbichi iliyopigwa kwa kamera hafifu ya miaka kumi iliyopita ina matone yale yale iliyoyapokea siku ile, na mbinu nzuri zaidi inaweza kuisoma vizuri zaidi leo, na vizuri zaidi kesho. Hapo ningelipa bila kunung'unika. Lakini kijana aliyefuta faili zake mbichi ili kutoa nafasi kwa zile zilizooshwa amefunga mlango huo. Amebaki na makisio ya toleo la mwaka mmoja, na toleo lijalo halitakuwa na la kusoma ila makisio hayo.

Faili zangu za Agosti 2014 ninazo, kwenye diski mbili, moja Kitale na nyingine kwa dada yangu Webuye. Wiki iliyopita nilifungua moja. Ni mvulana mwingine, mto mwingine, kamera iliyokuwa ikihangaika ikifika ISO 3200. Nilipoiosha wakati ule iligeuka ukungu na sikuwahi kuichapa. Safari hii nilishusha nguvu ya programu hadi karibu robo, nikaacha chenga zibaki gizani, nyuma ya vichwa vya watu. Kwenye tope la kifuani paliibuka alama za vidole vinne vya aliyempaka. Mvulana yule sasa ni baba wa watoto wawili. Jumamosi nampelekea picha yake.